Mfereji Uliosubiri Jina

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, simu zilikuwa zimeshapanda mlimani ila mtandao ulikuwa bado unapanda kwa kupumzika, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwamzigha. Kijiji cha Upareni, juu kabisa, ambako ukiangusha chungwa mlangoni kwako unakwenda kuliokota kwa jirani. Watu wake walilima tangawizi, maharage na ndizi, na walipenda vitu viwili, maji na maneno. Maji yalikuwa machache. Maneno, tunashukuru, hayakuwahi kupungua.

Sogeeni basi. Hadithi hii nikifika mwisho nitawaachia nyinyi kazi, kwa hiyo asisinzie mtu.

Maji ya Kwamzigha yalitoka kwenye chemchemi, yakakusanywa katika bwawa la udongo ambalo wenyeji huliita ndiva, kisha yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Na kila mfereji ulikuwa na jina la mtu. Halikuwa jina la aliyeuchimba, maana mfereji huchimbwa na kijiji kizima. Lilikuwa jina la mtu ambaye bila yeye maji yasingefika. Jina moja tu. Walishawahi kujaribu majina mawili, enzi za mababu, na koo zile mbili zikabishana ni nani aanze kutajwa hadi mfereji ukaota majani. Basi ikawa sheria: jina ni moja, na likishatamkwa limetamkwa. Wajukuu watasema, "Leo maji yanapita kwa fulani," na fulani mwenyewe amelala kaburini siku nyingi. Ndiyo maana watu wa kule hawakuwa na haja ya sanamu.

Katika kijiji hicho aliishi Mzee Kiangi, aliyefiwa na mke na kubaki na mabinti wawili, Eliewaha na Nakunda. Eliewaha ndiye mkubwa, lakini aliwahi kuugua akarudia darasa, kwa hiyo wakajikuta wanakaa dawati moja. Wakasoma pamoja, wakafaulu pamoja, na wote wawili wakapata nafasi chuo kikuu kusomea kitu kilekile: shahada ya sayansi ya kompyuta. Mzee Kiangi alipopewa habari hiyo alicheka kwa furaha. Kisha akaacha kucheka, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba.

Siku ya pili akaitisha kikao cha ukoo. Makande yakapikwa, watu wakala, na walipokwisha kujifuta midomo mambo yakaanza.

Wa kwanza kusimama alikuwa Shangazi Yunisi, dada mkubwa wa Mzee Kiangi. Huyu ndiye aliyetunza ufunguo wa lango la ndiva. Yeyote aliyedhani ameibiwa zamu, aliyetaka kubadilishana na jirani, aliyesahau siku yake, wote waligonga kwa Shangazi Yunisi, na kwa sababu wanazozijua wenyewe waligonga wakati amekaa kula. Mama huyu alikuwa hajala ugali wa moto tangu akabidhiwe ufunguo. Ukimwona mkali, msamehe.

"Hiyo kompyuta inasomewa muda gani?" akauliza.

"Miaka mitatu, shangazi," akajibu Nakunda.

"Na ukimaliza unakuwa nani?"

Nakunda akafikiri. Alikuwa binti mkweli, na ukweli ulimponza. "Inategemea, shangazi," akasema.

"Inategemea." Shangazi Yunisi akawageukia wanaukoo. "Mmesikia wenyewe. Aliyesomea ualimu akimaliza ni mwalimu. Aliyesomea uganga akimaliza ni daktari. Huyu wetu akimaliza atakuwa Inategemea."

Watu walicheka hadi waliokuwa nje wakaingia kuuliza kuna nini. Kuanzia siku hiyo watoto wa Kwamzigha walimwita Nakunda kwa jina hilo.

"Mimi sitoi hata kuku," akaendelea Shangazi Yunisi. "Miaka mitatu ya kubonyeza? Mimi nabonyeza simu na sikusomea. Siku hiyo kompyuta yenu itakaponilisha ugali wa moto, nitasema kweli mlisoma. Kabla ya hapo kuku wangu habanduki kwenye mayai yake." Akakaa chini, na kabla hajatulia vizuri mtu akagonga mlangoni kuulizia zamu ya maji.

Mzee Kiangi alikuwa na kitu kimoja cha thamani, shamba la mikaratusi kando ya chemchemi. Aliipanda mwaka alipooa, kwa ajili ya nyumba. Mbao za paa, fremu za milango, kitanda cha kulalia uzeeni, vyote vilikuwa vimesimama pale vinarefuka, naye kila jioni alipita kuvisalimia. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilivuja mahali pengi hivi kwamba mvua ikinyesha walihama na masufuria. Mkopo wa masomo ulikuwa umetoka nusu tu. Nusu nyingine ingetoka kwenye miti ile, na miti ile ingetosha mtoto mmoja.

"Nimepima," akasema Mzee Kiangi, "na sijui nimpeleke yupi."

Hapo ndipo Eliewaha alipopiga miayo. Nasema alipiga miayo, mbele ya wazee wote. "Aende Nakunda," akasema. "Mimi kukaa darasani miaka mitatu mingine siwezi, makalio yangu yatakufa ganzi. Nitakwenda mjini nijifunze kutengeneza simu. Kozi ya miezi michache, narudi, nafungua kibanda, nakula hela yangu huku wengine bado wanaandika mitihani."

Wazee wakatikisa vichwa, wakaona binti huyu ana akili ya maisha. Wote walimwamini isipokuwa Nakunda. Yeye alijua kwamba hesabu zilizomtoa jasho, dada yake alikuwa akizimaliza huku anapepeta mchele. Alitaka kusema kitu. Eliewaha akamkanyaga mguu chini ya meza, akanyamaza.

Basi mikaratusi ikaanguka, na Nakunda akaenda chuoni.

Sasa pimeni nanyi. Mwaka wa kwanza Nakunda anasoma jinsi kompyuta inavyofikiri, Eliewaha kafungua kibanda. Mwaka wa pili Nakunda anapika dengu zilezile chumbani na wenzake, Eliewaha kanunua vitenge na redio. Mwaka wa tatu Nakunda anaandika mradi wake wa mwisho kwa macho mekundu, Eliewaha anamtumia vocha, na ananenepa. Na Mzee Kiangi anahama na masufuria.

Nakunda akamaliza. Akavaa joho, vigelegele vikapigwa, picha ikapigwa, picha ikatundikwa ukutani mahali pasipovuja. Kisha akaanza kutafuta kazi. Kila ofisi ilitaka mtu mwenye uzoefu, na Nakunda hakuona popote panapouzwa uzoefu. Mwaka ukapita, mwingine ukaanza, nauli ikaisha. Akarudi Kwamzigha.

Eliewaha hakumuuliza neno. Alimwekea kiti kibandani, akamsogezea nusu ya meza, akampa waya wa umeme wa kompyuta yake. Msomi akawa anabandika plastiki kwenye vioo vya simu. Watoto walipita wakiimba, "Inategemea, shikamoo," naye akaitikia marahaba, na moyoni iliuma sana. Mvua iliponyesha ndipo alipotamani kujificha, maana kila tone lililoanguka kwenye sufuria lilimkumbusha mti.

Siku moja Shangazi Yunisi akaja kibandani. Simu yake ilikuwa imeng'oka kitufe kwa jinsi alivyoibonyeza akijibu watu wa maji.

"Shikamoo shangazi," wakasema wote wawili.

"Marahaba. Eliewaha, nitengenezee hii. Na wewe msomi, umeshakuwa nani?"

Nakunda akazidi kusugua kioo cha simu.

"Bado inategemea?"

Kuna hasira inayolia na kuna hasira inayofanya kazi. Siku hiyo Nakunda alipata ile ya pili. Akasukuma vioo vya simu pembeni, akafungua kompyuta yake. "Shangazi, kaa hapo," akasema. "Niambie ugomvi wote wa maji. Nani anaanza, nani anafuata, nani akikosa nani anachukua. Usiache hata mmoja."

Shangazi Yunisi alikuwa hajawahi kuombwa asimulie ugomvi tangu azaliwe, watu walikuwa wakimwomba anyamaze. Akakaa. Akasema mchana kutwa, akarudi kesho yake, akarudi na keshokutwa. Mwenye tangawizi changa hapitwi. Nyumba yenye msiba inatangulia. Mwenye kuoza binti anaruhusiwa kuazima zamu, lakini arudishe kabla bibi harusi hajaja kusalimia wazazi. Sheria hizo hazikuwa zimeandikwa popote, zilikuwa kinywani mwa shangazi tu, na Nakunda akazitia moja moja kwenye programu. Programu ile ilipangwa ijue zamu ya kila shamba na kumtumia mwenyewe ujumbe kwenye simu: kesho asubuhi maji ni yako. Usipoyahitaji unajibu, na maji yanakwenda kwa anayefuata. Hakuna kugonga kwa mtu.

Ikafika asubuhi ya kwanza. Nakunda akabonyeza, akasubiri kijiji kifurahi.

Simu ya Eliewaha ikalia. Ikalia tena. Ikalia mfululizo hadi ikatembea mezani na kuanguka. Ujumbe wa Kwamzigha nzima ulikuwa umeingia humo. Kumbe watu wa kule, kwa kuwa simu zao huzimika chaji na kulala kibandani, wakiombwa namba hutoa namba ya kibanda. Ndivyo walivyoizoea, na Nakunda alipopita kuandikisha namba hakuangalia, aliandika tu. Zamu zote za mlima zilikuwa za Eliewaha.

Eliewaha alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafunga kitenge kiunoni, akapanda na kushuka mlima akiwatangazia watu zamu zao kwa sauti, na huko huko akawa anachukua namba ya kila mmoja, anaijaribu, anamfundisha mwenyewe kusoma ujumbe. Alirudi amekauka koo. Safari ya pili Nakunda alipobonyeza, simu zililia mlima mzima, moja huku na moja kule.

Na Shangazi Yunisi akasonga ugali. Akakaa. Akasubiri kugongewa, maana mkono ulishazoea kusubiri. Hakugonga mtu. Akainuka akachungulia nje kama kuna msiba ambao hakuambiwa. Hakuna msiba. Akarudi, akamega, akatia mdomoni ukiwa unatoa moshi, akaungua ulimi. Alifurahi kuungua hadi machozi yakamtoka. Jioni hiyo Nakunda aliletewa kuku mzima aliyefungwa miguu, bila neno lolote.

Habari ikashuka mlima. Vijiji jirani vikaja kuomba programu ile, kisha wakaja watu wa umoja wa watumia maji wa bondeni, ambao mifereji yao haihesabiki. Wakaona kazi ya Nakunda, wakauliza amesoma nini, wakaona shahada, wakamwajiri. Walisema wazi kwamba bila shahada asingeketi kwenye kiti kile, na bila programu wasingepanda mlima kumtafuta. Akapewa ofisi, pikipiki na cheo: msanifu wa mifumo ya umwagiliaji.

"Jina refu kuliko mfereji," akasema Shangazi Yunisi, ila alijifunza kulitamka lote na akalitamka sokoni, kanisani na kisimani.

Kwamzigha nako, ugomvi ulipokwisha, watu wakajikuta wana nguvu ambazo zamani walizimalizia kwenye kubishana. Wakachimba mfereji mpya kuelekea upande wa chini, ambako mahindi yalikuwa hayajawahi kuonja maji ya ndiva. Na maji ya kuujaza yalikuwepo, kwa sababu chemchemi ilikuwa imefura tangu mikaratusi ikatwe. Ule mti unakunywa, asikudanganye mtu.

Siku ya kuyafungulia maji watu walivaa nguo za sikukuu. Ngoma zilikuwepo, miwa ilikuwepo, pombe ya miwa ilikuwepo zaidi. Bwana Mbaga, mwenyekiti wa ndiva, mtu mpole ambaye hakusema jambo bila kukohoa kwanza, akakohoa.

"Maji haya yameletwa na akili ya binti yetu Nakunda," akasema. "Lakini mnajua sheria. Mwenye kuleta maji hatoi jina lake mwenyewe. Anataja mtu mmoja, ambaye bila huyo yeye asingeyaleta. Na anamtaja kabla maji hayajafika shamba la mwisho. Yakifika bila jina, mfereji unakuwa wa yatima. Wa yatima hausafishwi na mtu."

Akamgeukia Nakunda. "Mama, umeshampata?"

Nakunda akaitazama simu yake. Humo ndani mfereji mpya ulikuwa umeshaingizwa, mashamba yake yote yamepangwa, na ujumbe wa kwanza ulikuwa tayari. Ulisomeka: "Maji yamefika kwako kupitia mfereji wa," kisha nafasi tupu. Wiki nzima alikuwa akiifungua nafasi ile na kuifunga.

"Nitampata njiani," akasema.

Shangazi Yunisi akazungusha ufunguo, maji yakaruka kwenye mfereji, na watu wote wakashuka nayo wakiimba. Maji mbele, Nakunda kando yake, na nyuma yake watatu: baba, dada na shangazi. Hakuna aliyewaita. Walijikuta tu wamefuatana.

Mzee Kiangi akasogea kwanza. Alizungumza taratibu, kama mtu anayeona haya kwa anachokiomba.

"Mwanangu, sikupi deni. Mzazi hadai. Ila ukoo wetu haujawahi kuwa na mfereji, na mimi nyumba sikujenga, sasa sina nitakachokiacha kikiwa kimesimama. Miti yangu ndiyo ada yako. Na maji haya, ona yalivyo mengi, yanapita mahali mizizi yake ilipokuwa ikinywa. Kama si mimi, maji haya yangetoka wapi?"

"Kweli, baba," akasema Nakunda. Na ilikuwa kweli.

Maji yakapita migombani. Eliewaha hakutaka kusema. Alitembea akipiga majani kwa fimbo, na Nakunda ndiye aliyemgeukia.

"Dada, sema na wewe."

"Niseme nini? Mimi nina kibanda, nina redio, nimenenepa." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia. "Basi nitasema. Nilipiga miayo siku ile, Nakunda, na usiku wake sikulala. Nafasi yangu ilikuwa halali kama yako. Nilipokutumia vocha nilikuwa nakuuliza leo mmesoma nini, ukadhani nakutania. Nilitaka kujua. Uliporudi huna kazi nilikupa meza, na zamu za mlima mzima zilipoangukia simu yangu ni miguu yangu iliyozipeleka. Jina langu liko kwenye kibao cha kibandani tu, na mvua inalifuta. Kama si mimi, maji haya yangetoka wapi?"

"Kweli, dada," akasema Nakunda. Na ilikuwa kweli.

Maji yakapita kwenye tangawizi. Shangazi Yunisi alikuwa ameshachoka kusubiri.

"Sasa nisikilizeni mimi. Kiangi, hiyo miti nilikwambia uikate tangu Nakunda hajaota meno. Nilikwambia inamaliza maji, ukasema nakuonea wivu. Uliikata kwa ajili ya ada, hukuikata kwa ajili ya maji, usijipendekeze."

"Lakini niliikata, dada," akasema Mzee Kiangi.

"Nyamaza, nazungumza na mtoto. Nakunda, hawa walikupenda. Sikatai. Baba alikupa shahada, dada alikupa kiti. Ukakaa kwenye kiti hicho na shahada yako unabandika vioo, na ungekuwepo hapo mpaka leo. Nani alikuchokoza? Nani alikukatalia kuku? Shahada yako haikuwa na kazi, ugomvi wangu ndio ulioipa kazi. Kila sheria iliyo kwenye mashine yako imetoka kinywani humu." Akajigusa mdomo, na sauti ikashuka mpaka watu wa mbele hawakumsikia tena. "Mimi sikujaliwa mtoto, mama. Baba yako ana nyinyi, na Eliewaha ni kijana, atazaa. Nikifa mimi hakuna atakayeitwa Yunisi. Kama si mimi, maji haya yangetoka wapi?"

"Kweli, shangazi," akasema Nakunda. Na hiyo nayo ilikuwa kweli, ndiyo shida yenyewe.

Nakunda akatembea. Alikuwa na furaha iliyojaa hadi kooni na katikati yake kulikuwa na mwiba. Alifikiri, laiti mmoja wao angesema uongo kidogo.

Walipokaribia chini, maji yakasimama. Kisiki cha zamani kilikuwa kimeachwa kwenye kona, takataka zikajikusanya hapo, maji yakaanza kupanda ukingo na kutaka kukimbilia kwa jirani. Watu wakaita, jembe liko wapi, jembe limebaki juu. Kabla sentensi haijaisha, Mzee Kiangi alikuwa ndani ya mfereji na suruali yake ya kanisani, anakishika kisiki kama anayemshika ng'ombe pembe. Eliewaha akalala kifudifudi ukingoni na gauni jipya, mikono yote miwili topeni, anang'oa mizizi. Shangazi Yunisi akavua kilemba, akazibia nacho mahali maji yalipokuwa yakitorokea, akakaa juu yake, na kutoka hapo akawa anaamrisha.

"Kushoto, Kiangi. Kushoto kwako, si kwangu. Eliewaha, vuta."

Kisiki kikatoka kwa mshindo, Mzee Kiangi akaanguka chali ndani ya maji, na maji yakapita juu ya tumbo lake yakiendelea na safari. Kijiji kikacheka. Wale watatu wakatazamana, wameparaganyika, tope hadi kwenye nyusi, wakacheka kuliko wote. Shangazi Yunisi alimwinua mdogo wake kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamfuta Eliewaha uso kwa pindo la kanga.

Nakunda akawatazama, akalia, naye hakujificha.

Lakini maji hayasubiri mtu amalize kulia. Yalishafika kwenye mahindi ya mwisho, yanakata ule mchanga mkavu, unayanywa, yanakata tena. Bwana Mbaga akakohoa. Ngoma zikanyamaza.

"Mama," akasema, "ni wakati."

Nakunda akaitoa simu. Akaifungua ile nafasi tupu. Baba yake akatazama mahindi, dada yake akatazama mikono yake, shangazi yake akatazama mbingu, kila mmoja akijifanya hangoji kitu. Nakunda akaweka kidole, akaandika jina moja, akabonyeza. Na simu zikalia upande wote wa chini wa mlima, watu wakazitoa mifukoni na kwenye pindo za kanga, wakasoma, kisha vigelegele vikapanda hadi kwenye ndiva.

Lilikuwa jina gani? Mimi nasema mfereji ule ni wa miti. Mke wangu anasema ni wa miayo, na tangu nimsimulie hajanisamehe kwa kutokubaliana naye. Mama mkwe wangu, ambaye hatukumuuliza, anasema kama si yule mkali wa kuku tusingekuwa hata na hadithi. Jana tumekula chakula kimepoa kwa ubishi huo.

Kwa hiyo nawaachia nyinyi mlioshiba. Simu ingekuwa mkononi mwako, nafasi ni tupu, maji yameshagusa mhindi wa mwisho, na nyuma yako wamesimama watatu wenye tope. Aliyetoa miti, aliyetoa nafasi yake, na aliyekataa kutoa kuku. Je, mfereji ule ulistahili kuitwa kwa jina la nani?